Kwa msafiri wa Nakuru, tiketi ya kwanza ni barabara

MSAFIRI anayetoka Nakuru kwenda kupanda ndege ya usiku katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) ana hesabu ya kufanya kabla hajafunga sanduku lake. Hesabu hiyo imezidi kuwa ngumu tangu Novemba 2025, Rais William Ruto alipozindua upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit.

Mradi huo una kilomita 175 za barabara kuu inayopitia Naivasha, Gilgil na Nakuru, pamoja na kilomita 58 za ile ya chini inayoshuka Mai Mahiu. Ulichukua muda mrefu kuanza. Mkataba wa kwanza, uliotiwa sahihi 2020 na muungano wa kampuni za Ufaransa, ulivunjwa 2025 kabla ya kazi yenyewe kuonekana, na serikali ikawageukia wajenzi kutoka China pamoja na Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF). Ahadi ni kwamba kazi itakamilika 2027. Hadi wakati huo, matatu, malori ya Uganda na magari ya watu binafsi yatagawana lami na matingatinga.

Kwa anayekwenda Nairobi kununua bidhaa, kuchelewa kwa saa mbili ni kero tu. Kwa aliye na ndege, na hasa aliyenunua tiketi mbili zisizojuana, saa hizo mbili zinaweza kumgharimu safari nzima.

Tiketi zisizojuana ni jambo ambalo limeenea kimyakimya. Zamani mtu aliingia katika ofisi ya wakala mjini, akaeleza aendako, akapewa kijitabu kimoja kilichokuwa na kurasa za ndege zote atakazopanda. Leo hii, kijana aliye na simu anaweza kununua ndege ya Nairobi hadi Dubai kutoka shirika moja, na ya Dubai hadi Manchester kutoka jingine, kwa sababu jumla ya nauli hizo mbili ni nafuu kuliko tiketi moja ya kumfikisha Manchester moja kwa moja. Anaona ameushinda mfumo. Alichofanya hasa ni kuuondolea mfumo jukumu na kulibeba yeye mwenyewe.

Tofauti iko hapa. Anayesafiri kwa tiketi moja ana mkataba mmoja wa kumfikisha mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kumtafutia nyingine, na kwa kawaida halimtozi chochote. Mzigo wake hupewa lebo ya mwisho wa safari tangu Nairobi. Aliye na tiketi mbili ana mikataba miwili. Shirika la kwanza likimfikisha Dubai, hata akifika saa nne baadaye, kwa hesabu zake limemaliza kazi. Shirika la pili halina habari kwamba abiria wake alikuwa angani akija. Linachojua ni kwamba kaunta imefungwa na yeye hakutokea.

Na kutotokea kuna adhabu ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Kwa kawaida abiria asipotokea kwa sehemu ya kwanza ya tiketi, sehemu zote zinazofuata kwenye tiketi hiyo hufutwa, ikiwemo ndege ya kurudi. Mwanafunzi aliyelipia kwenda na kurudi baina ya Dubai na Manchester anapoteza vyote viwili. Tuseme aliokoa Sh20,000 kwa kutenganisha tiketi. Nauli ya dharura, inayonunuliwa kaunta siku hiyo hiyo, inaweza kumeza akiba hiyo mara tatu au nne.

Hata hivyo, wanaoshauri kuhusu mambo haya huanza simulizi yao uwanjani, kana kwamba abiria wote huzaliwa Embakasi. Kwa mtu wa Nakuru, Njoro, Molo, Subukia au Eldama Ravine, safari huanzia steji ya matatu. Nauli anayomlipa kondakta ni tiketi tofauti, tena iliyo dhaifu kuliko zote, kwani haina ratiba wala fidia.

Kutoka Nakuru hadi katikati ya Nairobi ni takriban kilomita 160. Siku njema, gari huchukua kama saa tatu. Siku mbaya hazina kipimo. Msongamano wa Desemba, watu wanapokwenda mashambani na tena wanaporudi mwanzoni mwa Januari, umewahi kuwalaza wasafiri barabarani baina ya Gilgil na Naivasha. Kikopey, madereva husimama kwa nyama choma iwe abiria ana haraka au hana. Ukipita Naivasha kuna mteremko wa Karai na Kinungi, ambako ajali moja ya lori hufunga njia pande zote mbili. Halafu ukungu wa Soko Mjinga na Uplands, kisha foleni ya asubuhi inayoanzia Gitaru hadi Kangemi.

Ile barabara ya chini nayo ina historia yake. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyovunja kingo yalifagia makazi karibu na mji wa Mai Mahiu na kuua makumi ya watu, na barabara ikafungwa kwa matope na miamba. Hakuna shirika la ndege duniani ambalo hufikiria janga la aina hiyo linapopanga muda wa abiria wake kubadilisha ndege.

Siasa pia imekuwa ikifunga njia hii. Mapema 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana waliweka vizuizi Naivasha na Nakuru na magari yakawa yakisafiri kwa misafara inayolindwa na polisi. Kwa karibu zaidi, Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi tangu alfajiri. Mabasi yaliyokuwa yamesafiri usiku kutoka magharibi mwa nchi yaliwashusha abiria nje ya jiji, wakawa wanatembea na mizigo kichwani. Anayejua tarehe ya maandamano na bado akapanga kusafiri asubuhi hiyo hiyo amejitakia. Lakini tiketi nyingi hununuliwa miezi mitatu kabla, wakati hakuna ajuaye siku hiyo itakuwaje.

Matatu za Nakuru nazo hazifiki uwanjani. Huishia katikati ya jiji, na abiria hulazimika kutafuta gari la pili la kumvusha hadi JKIA. Barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022 kutoka Westlands hadi Mlolongo, imepunguza makali ya sehemu hiyo kwa mwenye gari la kibinafsi au teksi. Langoni pa uwanja bado kuna ukaguzi wa usalama ambapo abiria hushuka garini na kupita kwa miguu. Mambo haya madogo madogo, yakijumlishwa, hula saa nzima.

Baadhi ya wakazi wa sehemu za juu za kaunti hiyo na majirani zao wa Baringo hujaribu ujanja mwingine. Badala ya kuteremka Nairobi kwa gari, hupanda hadi Eldoret, kisha wakachukua ndege ya chini ya saa moja hadi Nairobi. Kwa mtu wa Kabarnet au Eldama Ravine wazo hilo lina mantiki. Kwa mtu wa Nakuru mjini, ni kusafiri zaidi ya kilomita 150 kwa kupitia baridi ya Timboroa, tena akielekea upande asikokwenda, ili apate ndege itakayomrudisha juu ya paa la nyumba yake.

Ujanja huo una mtego wake. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria. Ndege nyingine za ndani hutua JKIA, nyingine Wilson. Anayetua Wilson na kuondokea JKIA lazima avuke sehemu ya jiji akiwa na mizigo yake, na njia hiyo ya kilomita chache huweza kuchukua dakika 30 au saa mbili kutegemea saa na mvua. Hata anayetua JKIA kwa tiketi tofauti anapaswa kungoja mzigo wake, atoke katika jengo la safari za ndani, aende katika lile la kimataifa na kuanza upya kama mtu aliyetoka nyumbani. Wanariadha wa Kaptagat na Iten wanaielewa hali hii vizuri. Mwandalizi wa mbio ndogo huko Ulaya humlipia mkimbiaji nauli kutoka Nairobi, na ndege ya Eldoret hubaki kuwa mzigo wa mwanariadha mwenyewe. Mbio ni Jumapili. Asipofika Jumamosi, hakuna anayemngoja kwenye mstari.

Pengine jambo la kushangaza zaidi katika ukanda huu ni kwamba kuna kitu kinachosafiri kwa utaratibu bora kuliko binadamu, nacho ni waridi. Kila siku, malori yenye majokofu huondoka katika mashamba ya Naivasha yakielekea JKIA. Wakala wa uchukuzi hupokea shehena hiyo, na hati moja huifuata kutoka Nairobi hadi Ulaya, hata ikiwa itabadilishiwa ndege njiani. Ikikwama, kuna mtu anayepaswa kujibu. Wenye mashamba walijifunza kwa uchungu umuhimu wa kujua nani hubeba hasara. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yalipofunga anga ya Ulaya kwa takriban siku sita, maua ya Naivasha yalitupwa kwa tani na vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Tangu hapo, maswali ya bima, njia mbadala na mikataba yamekuwa ya kawaida katika biashara hiyo.

Msichana aliyekuwa akiyachuma maua hayo, anapopata kazi Ghuba na kujilipia nauli, hasafiri kwa utaratibu kama huo. Ana nauli ya matatu, tiketi ya shirika la bei nafuu na pengine tiketi ya pili aliyotumiwa na jamaa. Hana hata mmoja wa kumpigia simu akiachwa.

Huko nje, hatari ya kwanza si muda bali ni visa. Mfano wa mwanafunzi wa Manchester unatosha. Ndege yake ya kwanza inafika Dubai saa kumi na moja alfajiri, ya pili inaondoka saa mbili na nusu asubuhi. Kwenye skrini ya simu, saa tatu na nusu zinaonekana tele. Kwa kuwa mzigo wake una lebo ya Dubai, hana budi kupita uhamiaji, auchukue, kisha aukabidhi upya kwa shirika la pili. Raia wa Kenya anahitaji visa kuingia Milki za Kiarabu. Kwa shirika la kwanza, Dubai ndiyo mwisho wa safari yake, na mfanyakazi wa kaunta Nairobi ana kila sababu ya kumuuliza visa hiyo. Asipokuwa nayo, anazuiwa JKIA, kabla hata hajaiona ndege. Visa ya Uingereza iliyo katika pasipoti haimsaidii hapo.

Hali ni hiyo hiyo London, kwa anayekwenda nchi nyingine. Mkenya huhitaji visa ya kupita Uingereza hata akiwa haingii mjini, na anayepaswa kuchukua mzigo na kuvuka mpaka huhitaji aina nyingine ya visa. Addis Ababa ni afadhali, kwa kuwa Mkenya huingia Ethiopia bila visa. Makosa ya kupanga muda huko huishia kuwa usiku mmoja wa hoteli, si kurudishwa nyumbani.

Baada ya visa kuna suala la majina ya miji. Jina la mji mmoja huficha viwanja kadhaa. Julai 2025, Kenya Airways ilianzisha safari za London Gatwick ili kuongezea zile za Heathrow. Viwanja hivyo vimetengana kwa zaidi ya kilomita 60 za barabara, na mtu aliyezoea Heathrow anaweza kununua ndege ya kuendelea mbele bila kutazama ni wapi atakapotua. Istanbul ina viwanja viwili, kimoja Ulaya na kingine Asia. New York ina vitatu, na Mkenya anayetoka Minnesota au Texas kuja kuzika mzazi Desemba, akitua LaGuardia ilhali ndege ya Nairobi inaondokea JFK, anaingia katika foleni ambayo ingemkumbusha Waiyaki Way.

Kisha kuna matukio ambayo hakuna awezaye kuyapangia. Novemba 2022, mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulisimamisha ndege na kuwaacha maelfu ya abiria Nairobi. Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India shughuli za JKIA, na safari zikakwama kwa siku nzima. Aprili 16, 2024, mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Milki za Kiarabu tangu 1949 iligeuza uwanja wa Dubai kuwa ziwa. Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa Iran iliposhambulia kambi ya jeshi la Marekani nchini humo, na ndege zilizokuwa zikielekea Doha zikatawanywa kwingineko.

Katika visa vyote hivyo, wote waliteseka. Lakini wenye tiketi moja waliteseka wakiwa na haki ya kudai ndege nyingine hadi mwisho wa safari. Wenye tiketi mbili walikuwa na haki ya kufikishwa nusu ya njia tu.

Sheria inasemaje? Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa kimataifa wa ndege. Ibara ya 19 humfanya msafirishaji awajibike kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa athibitishe kwamba alichukua hatua zote za busara kuizuia. Kiwango cha juu cha fidia ya aina hiyo kwa abiria, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 6,303. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja huwa na thamani inayozidi dola moja ya Marekani. Abiria anapaswa kuthibitisha hasara yake kwa stakabadhi. Kuchelewa kwenyewe hakumpi pesa.

Ibara ya 1 ya mkataba huo ina kifungu ambacho mawakala wa usafiri wangefaa kukisoma. Kinasema safari inayofanywa na wasafirishaji kadhaa huhesabiwa kuwa moja iwapo pande zote ziliichukulia kama shughuli moja, iwe imeandikwa katika mkataba mmoja au katika mfululizo wa mikataba. Maana yake ni kwamba idadi ya karatasi peke yake haikati shauri. Lakini mtu aliyejinunulia tiketi mbili usiku sebuleni kwake hawezi kudai kwamba mashirika hayo mawili, yasiyojua kuwa yeye ni mmoja, yaliichukulia safari yake kuwa shughuli moja.

Mambo hubadilika panapokuwa na wakala katikati. Oktoba 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria aliyesafiri kutoka Stuttgart hadi Kansas City kwa kupitia Zurich na Philadelphia. Ndege ya kwanza ilikuwa ya Swiss na mbili zilizofuata za American Airlines, na mashirika hayo hayakuwa na uhusiano wa kisheria kuhusu safari hiyo. Wakala ndiye aliyeziunganisha, akatoza bei moja na kutoa tiketi moja. Mahakama ilisema hiyo ni safari moja kwa mujibu wa Kanuni ya Ulaya 261 ya 2004, ile inayotoa fidia ya hadi euro 600. Kanuni hiyo hulinda kila anayeondokea uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, na anayeingia huko akiwa kwenye shirika la Ulaya. Kwa hiyo abiria wa Paris kuja Nairobi hulindwa hata akipanda Kenya Airways, ilhali wa Nairobi kwenda Paris na shirika hilo hilo halindwi nayo.

Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya. Lakini unaonyesha swali ambalo abiria wa Nakuru anafaa kumuuliza wakala wake kabla ya kutuma pesa kwa simu: hii ni tiketi moja au mbili? Wakala mwaminifu atajibu mara moja. Asiye mwaminifu ataonyesha karatasi moja iliyochapishwa vizuri na kusema kila kitu kiko hapo.

Karatasi hiyo inaweza kudanganya. Herufi na tarakimu sita za kuhifadhi nafasi si tiketi. Wakala anaweza kuziweka ndege za mashirika mawili chini ya nambari moja ya kuhifadhi nafasi huku akitoa tiketi mbili. Cha kutazama ni nambari ya tiketi yenyewe, ambayo huwa na tarakimu 13. Tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar Airways. Ndege zote zikiwa chini ya nambari moja, hiyo ni tiketi moja hata ikiwa ndege ya pili ina rangi za shirika jingine mkiani. Zikiwa nambari mbili zinazoanza kwa tarakimu tofauti, abiria ajue yuko peke yake katikati. Hili ndilo jambo la kukagua kuliko yote, na halichukui dakika mbili.

Mwenye malalamiko ambayo hayakutatuliwa na shirika anaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), na liko pia jopo la kuamua mizozo ya usafiri wa anga lililoundwa chini ya Sheria ya Usafiri wa Ndege ya 2013. Tatizo ni kwamba mwenye tiketi mbili, mara nyingi, hana wa kumshtaki.

Haya hayamaanishi kwamba kutenganisha tiketi ni upumbavu. Kuna safari ambazo haziwezekani kwa njia nyingine, na kuna watu ambao akiba ya Sh20,000 ndiyo karo ya mtoto. Wanaofanikiwa huwa wamekubali jambo moja: muda wanaouongeza katikati ni sehemu ya bei. Saa tatu zinazotosha kwa tiketi moja hazitoshi kwa tiketi mbili. Saa sita ni kiasi cha kuanzia, na palipo na kubadilisha uwanja au ndege ya mwisho ya siku, kulala usiku mmoja ndiyo hesabu ya kweli. Aliye na mkoba wa mkononi pekee hupunguza nusu ya matatizo, kwa kuwa hangoji mzigo na mara nyingine huhitaji tu hati ya kupandia ndege aliyoipata kwenye simu.

Kwa mtu wa Nakuru, usiku huo wa ziada unafaa kutumiwa Nairobi kuliko kwingineko. Anayeondoka mchana wa siku iliyotangulia hufika hata barabara ikifungwa saa nne. Kitanda katika nyumba ya jamaa Umoja au Pipeline hakigharimu chochote zaidi ya paketi ya unga na sukari ya kumpelekea shangazi, na asubuhi Embakasi iko karibu. Ndege ya saa tano usiku ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu humfanya mtu aamini kuwa ana siku nzima. Akitoka Nakuru saa sita mchana anaona amejipa nafasi ya kutosha. Kaunta hufungwa mapema, kwa kawaida saa moja kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo muda wake wa kweli unaishia saa nne usiku. Ukitoa saa tatu za barabara, saa mbili za kuvuka jiji jioni na saa mbili za foleni za uwanjani, anabaki na saa tatu tu za kukabili lori lililoanguka Kinungi.

Bima ya safari nayo ni ya kusomwa kabla ya kulipiwa. Nyingi hulipa mtu akikosa ndege kwa sababu zilizoorodheshwa, na sera kadhaa huwa zimewatenga waliojiunganishia tiketi wenyewe au huweka muda wa chini unaopaswa kuwepo baina ya ndege mbili. Tovuti kama Kiwi.com, zinazouza tiketi za mashirika tofauti zikiwa zimeunganishwa, hutoa dhamana yao wenyewe. Dhamana hiyo ni ya tovuti, si ya shirika la ndege, na kaunta ya uwanjani haitaijua. Anayeona dalili kwamba hatafika, jambo la maana ni kulipigia shirika la pili kabla ndege yake haijaondoka. Kubadilisha tarehe kwa ada kunauma, lakini tiketi hubaki hai pamoja na ndege ya kurudi.

Kuna sehemu ya mzigo huu ambayo si haki kumwachia abiria peke yake. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na bado mkazi wake hana ndege za ratiba anazoweza kuzitegemea kuunganisha safari ya nje. Uwanja wa Lanet umekuwa kwa muda mrefu mikononi mwa jeshi, na mpango wa kuugeuza kuwa wa abiria umetajwa na viongozi wa serikali kuu na wa kaunti kwa miaka mingi, hasa uchaguzi unapokaribia. Hata utakapokamilika, utamsaidia msafiri wa kimataifa ikiwa tu ndege ya Lanet na ya JKIA zitauzwa kwa tiketi moja. Zikiuzwa tofauti, atakuwa ameongezewa tiketi nyingine isiyojuana na zile alizokuwa nazo.

Serikali ingeweza kuchukua hatua nyepesi zaidi bila kungoja lami wala uwanja. Ingemlazimu kila wakala kuandika kwenye stakabadhi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, idadi ya tiketi anazouza na mahali ambapo jukumu la kila shirika linakoma. Katika nchi ambayo kila mwaka hupeleka maelfu ya vijana kufanya kazi Ghuba, sentensi hiyo moja ingezuia vilio vingi katika ukumbi wa JKIA.

Kwa sasa, matingatinga yanaendelea kuchimba kando ya barabara, na kila wiki njia ya kupitia kwa muda huhamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Abiria wa ndege ya usiku wameanza kuonekana katika steji ya Nakuru mapema asubuhi, wakiwa na masanduku yaliyofungwa kwa utepe, wakimuuliza dereva kama jana alipita juu au alipita Mai Mahiu.